Kilomita Saba za Heshima

Walikuwapo watu, na watu hao walikuwa na nchi, ingawa nchi yenyewe ilikuwa na wenyewe. Jina la nchi hiyo limesahaulika, na msomaji anaombwa asijisumbue kulikumbuka. Inatosha kujua kwamba Mkuu wa nchi alisafiri ughaibuni kutibiwa jino, na siku ya tatu, taya lilipotulia, akatoka hotelini kwa miguu yake mwenyewe kwenda kununua gazeti. Akafika, akanunua, akarudi. Hakupigiwa honi, hakuingia mtaroni, wala hakuvuka barabara akikimbia huku ameshika kofia. Jambo hilo lilimshangaza hata aliporejea akalihutubia taifa kwa saa tatu kuhusu gazeti lile, na mwezi haukuandama kabla ya kupitishwa Sheria ya Kutembeka.

Sheria ilisema kila mji mpya pembezoni mwa jiji uwe na kitovu chake, na kila kitovu kiwe na njia ya waenda kwa miguu isiyopungua kilomita saba, kituo cha basi chenye paa, na waenda kwa miguu wa kuonekana kwa macho. Haikusema njia iende wapi. Haikusema basi lifike. Sheria nzuri humwachia mtaalamu nafasi ya kupumua.

Mtaalamu mwenyewe alikuwa Bwana Zahoro Mkongoti, Mkurugenzi wa mji mpya wa Heshima. Alikuwa mtu msafi, mwenye suti za kijivu na kalamu mbili mfukoni, na aliamini kwa dhati kwamba umbali ni adabu. Kwa hiyo zahanati aliiweka mashariki, soko akalipeleka magharibi lisije likaizoea zahanati, shule akaiweka kusini, na posta akaitenga peke yake kileleni kama mgonjwa wa surua. Katikati ya kila jengo na mwenzake alipitisha barabara ya njia sita yenye ukingo wa zege. Wageni waliopelekwa kutazama walisema mji una nafasi, na kweli ulikuwa nayo, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine.

Kituo cha basi kilijengwa kwa mawe yaliyoletwa kwa meli, kikawekewa saa ya ukutani na ratiba ya kioo. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Juu ya lango la Heshima lilining'inia tao lenye jina la Mkurugenzi kwa herufi za shaba, na kila basi lililojaribu kupita lilizidi kimo cha tao kwa mkono mmoja. Bwana Zahoro aliiandikia kampuni ya mabasi akiitaka ipunguze kimo cha magari yake. Kampuni ilikuwa bado inatafakari.

Zikabaki kilomita saba. Mpima ardhi alikuja ofisini na ramani begani, akaeleza kwamba viwanja vyote vimekwisha kugawiwa wakubwa, na njia ameipindapinda kuzunguka bwawa la mapambo kadiri ilivyowezekana.

"Mwisho wake niuweke wapi, mzee?" aliuliza.

"Weka palipobaki," alisema Bwana Zahoro, akaisaini ramani kabla haijakunjuliwa yote.

*

Nyumba ya Mkurugenzi ilikuwa ya kwanza kukamilika, kama ilivyo desturi. Akamhamishia humo mkewe, Bi Siwema, pamoja na makasha tisa ya vyombo. Bi Siwema alizunguka vyumba vyote, akafungua madirisha, akatazama nje kulia na kushoto kama mtu anayetafuta mtu, kisha akakaa juu ya kasha la kwanza.

"Baba Nasra," alisema, akimwita kwa jina la binti yao aliyekwisha kuolewa, "sukari inauzwa wapi?"

Bwana Zahoro alimwonyesha kwa fahari. Supamaketi ilionekana pale pale dirishani, hatua mia mbili, hata bei za vitunguu zilisomeka. Ila katikati palikuwa na barabara ya njia sita, hivyo mtu wa kwenda huko angeingia garini, ashuke hadi kipilefti cha kwanza, apande hadi cha pili, ageuze, na kilomita nne baadaye atakuwa amefika.

Bi Siwema alikuwa mzaliwa wa mtaa wenye watu. Kwao, mama aliweza kubandika chai, akakumbuka kwamba sukari imekwisha, akajitupia khanga begani, akaenda dukani, akasalimia watu watano na kugombana na wa sita, na akarudi chai ikiwa bado inafuka moshi. Ndivyo alivyolelewa, na hakujua namna nyingine ya kupima kama mahali ni nyumbani.

"Siku nitakayotoka hapa kwa mguu kwenda kununua sukari, nikarudi chai haijapoa," alimwambia mumewe, "siku hiyo nitafungua makasha haya. Ikifika Mfungo Tatu sijayafungua, yanarudi kwetu kama yalivyokuja, na mimi nikiwa juu yake."

Bwana Zahoro alicheka. Lakini usiku alilala akiyahesabu yale makasha, na asubuhi aliyakuta bado tisa, yamefungwa kamba, yamepangwa sebuleni kama abiria wanaosubiri. Walikunywa chai katika vikombe vya plastiki vya ofisini. Alimpenda mkewe, na kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kulisema hilo, alimjengea chemchemi.

*

Miezi miwili ikapita. Asubuhi moja Bwana Zahoro aliinama mlangoni kutafuta kiatu chake, akaona makubadhi ya mkewe. Akayaokota, akayageuza.

Soli ilikuwa imelika.

Tena haikulika tu. Kisigino cha kulia kilikuwa na kiraka kipya cha mpira, kimeshonwa kwa uzi mweusi, mishono midogo iliyonyooka, ya mtu asiye na haraka. Bwana Zahoro alikaa chini. Heshima ilikuwa na kibanda cha fundi viatu, sheria ilitaka hivyo, chenye vioo pande tatu na kipoza hewa. Mafundi watatu walikwisha kukikimbia, kwa maana hakuna kiatu kilichowahi kuchakaa katika mji huo. Watu walitoka kwenye zulia wakaingia kwenye gari, wakatoka kwenye gari wakaingia kwenye zulia. Sasa mkewe, ambaye hakuwa na gari, na ambaye hakuwa na pa kwenda, alikuwa amekula soli.

Wanaume wengine hukuta ujumbe kwenye simu. Yeye alikuta kiraka. Alikipima kwa rula, akakinusa, kikanuka gundi. Kwa wivu alishindwa hata kumaliza chai yake, wala hakuona kwamba safari hii chai ilikuwa katika kikombe cha udongo cha buluu, chenye mdomo uliovunjika kidogo, ambacho mara ya mwisho alikiona kwa mama mkwe wake.

Jumanne alimfuata. Bi Siwema alitoka saa tatu asubuhi, khanga begani, kikapu mkononi. Mumewe alimfuata kwa gari, kwa gia ya kwanza, na dereva akiambiwa asipige honi. Nyuma ya bwawa la mapambo Bi Siwema aliufikia ua wa michongoma uliokuwa mpaka wa mji, akainama, akatoweka.

Bwana Zahoro alishuka. Palikuwa na tundu katika ua, limelainishwa na migongo ya watu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye Mkurugenzi wa Heshima aliinama, akaacha mwiba mmoja uchukue kifungo cha koti na mwingine uchukue kalamu. Akafuata njia nyembamba ya udongo uliokanyagwa ukawa mgumu kama sakafu. Alizihesabu hatua kwa mazoea ya kazi. Zilikuwa hamsini.

*

Hatua ya hamsini na moja ilimfikisha Shukahapa.

Shukahapa haikuwa katika ramani yoyote. Ilikuwa ni mahali ambapo barabara mbili kuukuu zinakutana, na ambapo miaka mingi iliyopita makonda walichoka kuuliza abiria wanashukia wapi. Basi moja lilikuwa linaondoka na jingine linaingia. Duka la sukari lilitazamana na kinyozi, kinyozi akapakana na mama wa maandazi, na mama wa maandazi aliweza kumpa jirani yake wa mboga chenji bila kuinuka. Zahanati ilikuwa na mlango mmoja na mgonjwa aliyekuwa akitoka humo aliingia moja kwa moja kwenye uji. Kila mtu alikuwa katika njia ya mwenzake, na kila mtu alikuwa anapita.

Bwana Zahoro alisimama, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake akaona kitu alichokitaka. Alisoma miaka sita ughaibuni kujifunza jinsi ya kukitengeneza. Alikichora kwa rangi, akachora na watu humo, wembamba, wenye mikoba, wakitabasamu. Na sasa kilikuwa hapa, kimejitengeneza chenyewe kwa mabati na misumari iliyopinda, bila hata kibali. Alitamani kulia. Alitoa daftari akahesabu wapita njia kwa robo saa, wakafika mia nne na kumi na wawili. Heshima, kwa wiki nzima, ilikuwa na watatu, na mmoja kati yao alikuwa amepotea.

Kisha akasikia kicheko, akakijua.

Chini ya turubali, juu ya benchi, alikaa Bi Siwema, mguu mmoja peku juu ya kipande cha boksi. Mbele yake mwanamume wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi alikuwa anachoma msharasi wa kushonea kwenye kubadhi la pili na kusimulia jambo. Bi Siwema alicheka mpaka akajishika ubavu. Tangu wahamie Heshima mumewe hakuwahi kukisikia kicheko hicho, na alikuwa akidhani kimefungwa ndani ya mojawapo ya makasha.

"Haa, Baba Nasra," alisema Bi Siwema bila hata kushtuka. "Umefikaje? Kaka Chande, huyu ndiye bwana."

"Shemeji," alisema Fundi Chande, akimpa kiwiko kwa kuwa mkono ulikuwa na gundi. "Karibu shemeji, kaa. Mchafu mimi, benchi safi."

Bwana Zahoro hakuwa amewahi kuitwa shemeji na fundi viatu. Alibaki amesimama.

"Mpango wa eneo hili aliubuni nani?" aliuliza.

"Mpango upi, shemeji?"

"Huu. Watu kupita. Maduka kukaribiana. Basi kufika."

Fundi Chande alifikiri kwa heshima kabisa. "Basi lilikuwa linasimama. Mtu akashuka ana njaa, mama akaleta maandazi. Wa pili akashuka kiatu kimemkatikia, nikaja mimi. Wa tatu sijui alitaka nini, lakini nadhani ni yule wa vocha." Akauma uzi kwa meno. "Huko kwenu tunasikia kuna njia ndefu ya waenda kwa miguu na tangazo la kuwaita watu waje. Siye hatujatangaza. Si wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza?"

Bi Siwema alicheka tena. Bwana Zahoro alirudi kwa tundu lile lile, na mwiba uliobaki ukachukua kalamu ya pili.

*

Tangu siku hiyo hakupata raha. Wapo wanaomwonea wivu mwenye gari, na wapo wanaomwonea wivu mwenye cheo. Bwana Zahoro aliionea wivu njia panda. Alikuwa na saa ya kituo iliyosema kweli kila dakika na hakuna wa kuisoma, wakati kule Shukahapa watu waliulizana saa na kujibiwa uongo na wakawahi basi. Alisimama dirishani akisikia honi na vicheko vikivuka michongoma, na kila kicheko cha mwanamke alikisikiliza mpaka mwisho kujua ni cha nani. Akamhesabia mkewe safari. Zilikuwa mbili kwa siku, na ya jioni hakuwa hata na kikapu.

Hapo ndipo ilipofika barua ya Wizara ya Miji Inayotarajiwa. Ilisema Waziri, Mheshimiwa Gervas Luhende, atafika Heshima Alhamisi, saa nane mchana, kukagua kutembeka kwake. Akiwaona waenda kwa miguu, Heshima itatunukiwa Unyayo wa Dhahabu. Asipowaona, Mkurugenzi atahamishiwa kituo cha mpakani kusimamia mnara wa simu.

Sheria ilitaka waenda kwa miguu, nayo serikali ina fungu la kila kitu. Bwana Zahoro aliajiri mia tatu, wa kutwa, wenye fulana za kijani. Walipatikana Shukahapa, kwa sababu ndiko watu waliojua kazi hiyo waliko. Waliletwa kwa malori, na kwa kuwa malori hayapiti katika michongoma, yaliwazungusha kilomita kumi na nne kuwafikisha hatua hamsini kutoka walikopandia. Kila mmoja alipewa mkoba mtupu, akaelekezwa atembee mbele ya jukwaa mita mia mbili kwenda na mia mbili kurudi, akitabasamu, asisalimie mtu anayemjua.

Mazoezi ya Jumatano yalikwenda vizuri mpaka saa sita. Saa sita kamili waenda kwa miguu waliona njaa, na Heshima nzima haikuwa na andazi. Bwana Zahoro aligeuka kumsikiliza karani wake, aliporudisha uso hakukuta mtu. Wote mia tatu walikuwa wamepita kwenye tundu. Aliwaona kwa upande wa pili, fulana za kijani kila mahali, wamekaa, wanakula, wanacheka, na Shukahapa ikapendeza zaidi kwa rangi yake yeye.

Alisema kwa sauti ya chini, "Jengeni ukuta."

Mafundi walianza mchana huo huo. Ulikuwa ukuta wa matofali, wenye kimo cha watu wawili na vipande vya chupa juu. Katika taarifa aliuita uzio wa ustawi. Ndani ya moyo wake hakuuita jina lolote, lakini kila tofali lilipokaa mahali pake kicheko kimoja kilipungua, naye akapumua.

Jioni, mezani, Bi Siwema aliweka kijiko chini.

"Baba Nasra, nasikia mnajenga ukuta."

"Ni uzio wa usalama."

"Nani kamtishia nani?"

"Watu wanaingia ovyo."

"Wanaingia?" alisema Bi Siwema. "Mimi naona wanatoka." Sauti ikalainika. "Waambie mafundi waache mlango, japo mdogo. Nakuomba. Na kesho ukimaliza sherehe yako uje nyumbani moja kwa moja, usipitie ofisini. Nina jambo la kukuonyesha."

Bwana Zahoro alijua jambo gani. Mfungo Tatu ulikuwa siku nne mbele. Angemwonyesha kamba zimekazwa upya na tiketi ya basi mkononi, basi la Shukahapa, na fundi yule angembebea kikapu. Alijilaumu, akamlaumu mkewe, kisha akamlaumu Fundi Chande, ambaye kumlaumu ilikuwa rahisi zaidi.

*

Alhamisi palibaki pengo moja tu ukutani, upana wa mtu mmoja, kwa ajili ya chakula cha mchana cha waenda kwa miguu. Karani alikaa hapo na kijimashine cha kuhesabia. Saa saba na nusu wakaanza kurudi. Bwana Zahoro alisimama ofisini na simu sikioni, akipokea hesabu: mia mbili tisini na nane, mia mbili tisini na tisa.

"Mia tatu, mzee. Wote wamo ndani. Isipokuwa kuna mama mmoja..."

"Wametimia?"

"Wametimia. Lakini kuna mama anatoka na..."

"Hatuhesabu wanaotoka," alisema Bwana Zahoro. "Ziba."

Wakaziba.

Saa nane Waziri aliwasili na magari arobaini. Aliteremka, akawaona mia tatu wa kijani wakienda na kurudi, akaguswa. Akatembea mwenyewe hatua kumi na moja, kamera zikimfuata, kisha akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi," alisema, "taifa lisilotembea ni taifa lililokaa. Na taifa lililokaa haliwezi kusimama, na lisiposimama, litatembeaje? Hilo ndilo swali ambalo maadui zetu hawajalijibu. Nimetembea hapa kwa miguu yangu yote miwili na sikuona kasoro. Nimeona kituo cha basi ambacho hakijachafuliwa na basi hata moja. Nimeona kilomita saba. Nani mwingine anazo?"

Hakuna aliyejibu, kwa sababu mia tatu walikuwa wamekatazwa kusimama. Unyayo wa Dhahabu ulikabidhiwa, mzito, wa mguu wa kulia. Sherehe ilichukua nusu saa. Waenda kwa miguu wakapakiwa kwenye malori pamoja na mafundi wa ukuta, barabara zote zikafungwa kupisha msafara wa Waziri, na Bwana Zahoro, kwa kuwa dereva wake alikuwa amezuiwa kipilefti cha pili, akakatiza bustanini kwa mguu kwenda nyumbani. Hata hivyo alikuwa na furaha. Ushindi ni ushindi, na kule ng'ambo palikuwa kimya.

Alifungua mlango, akasimama.

Sebule ilikuwa tupu. Hapakuwa na kasha hata moja. Akajua amechelewa, ameachwa. Kisha akaona pazia la maua dirishani, lile la zamani. Akaona mkeka wa harusi yao umetandikwa. Akaona kabati, na kabatini vikombe vya buluu vimepangwa safu mbili. Makasha yote tisa yalikuwa uani, yamefunguliwa, yamebomolewa, yamefungwa furushi moja la kutupwa. Mezani palikuwa na sinia, vikombe viwili, na birika lililofunikwa kwa kitambaa. Aligusa birika. Lilikuwa la moto.

Bakuli la sukari lilikuwa wazi, tupu.

Alilielewa polepole, kama mtu anayesoma barua ya mahakama. Akatoka mbio, Unyayo bado kwapani, mpaka ukutani.

"Mama Nasra!"

"Niko hapa," ilijibu sauti ya Bi Siwema, karibu mno, kana kwamba iko chumba cha pili. "Sukari ninayo. Tangu saa saba na nusu nimesimama hapa na sukari."

"Makasha umeyafungua."

"Nilianza kidogo kidogo, siku ile nilipokuona ukipima kiraka. Leo nilimalizia. Nilitaka nikuonyeshe, nitoke, nirudi, unywe chai uone mwenyewe kwamba panawezekana. Nilikuomba mlango, Baba Nasra."

"Zunguka uje."

"Kwa usafiri gani? Basi haliingii kwenu. Teksi zimezuiwa na magari ya Waziri. Sasa nizunguke na nini?"

Ukuta ulikuwa laini kama alivyoagiza, usio na pa kushika. Bwana Zahoro aliangalia huku na huku, na hapo akaliona bango lake mwenyewe, la buluu, lenye mshale na mchoro wa mtu anayetembea: KITUO CHA BASI. Njia ya kilomita saba. Haikuwezekana kilomita zote hizo zisifike mahali.

"Usiondoke," alisema. "Nakuja kwa mguu."

"Kwa mguu? Wewe?" Na kwa mara ya kwanza tangu wahamie alisikia kile kicheko kikiwa chake. "Haya. Nakusubiri."

Alitembea. Kwa kilomita mbili za kwanza alifikiri maneno atakayomwambia, na yalikuwa mazuri. Njia ilizunguka bwawa, ikageuka, ikalizunguka kwa upande mwingine. Hapakuwa na kivuli, maana miti ilikatwa ionekane njia. Hapakuwa na maji, wala benchi, wala mtu wa kumwuliza. Kilomita ya nne kiatu chake cha ofisini kilifunguka mdomo. Ya tano aliutua Unyayo chini, akaona haya, akauinua tena. Ya saba ilipinda nyuma ya kichaka cha maua, ikanyooka, ikaishia kwenye mlingoti wa bendera, mbele ya jukwaa, pale pale Waziri alipoanzia hatua zake kumi na moja. Ndipo palipokuwa pamebaki.

Karani alikuwa bado ameketi kivulini mwa jukwaa, kwani hakuna aliyemwambia kazi imekwisha. Alibonyeza kijimashine chake.

"Mmoja," alisema, akaandika.

Bwana Zahoro alichechemea mpaka ukutani. "Mama Nasra. Mama Nasra, uko hapo?"

Mtu akakohoa.

"Shemeji," alisema Fundi Chande. "Dada alikusubiri mpaka basi la mwisho la kwao. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Nikamwambia kaa kidogo, njia ni ndefu. Akasema njia anaijua, ila hajui inakwenda wapi." Akakohoa tena. "Amepanda. Amesema vikombe uvioshe kwa mkono, vinavunjika. Na ameacha sukari yako. Jongea kidogo kulia, nakurushia, udake."

Pakiti ilipita juu ya vipande vya chupa ikaanguka mikononi mwake. Ilikuwa ya kilo moja, imefungwa vizuri. Bwana Zahoro alisimama akiwa ameishika pamoja na Unyayo wa Dhahabu, akisikiliza upande wa pili, ambako watu walikuwa wanapita.

Kisha akarudi nyumbani. Alijimiminia chai isiyofuka tena moshi katika kikombe cha buluu, akatia vijiko viwili, akakoroga kwa muda mrefu, lakini sukari haikuyeyuka.